Mgeni Aliyejiona Nyumbani: Mikasa ya Mswahili katika Majlisi ya Oman

Ugeni, kwa maana itakayotumika katika insha hii, ni hali ya mtu kulishwa, kulazwa na kuulizwa maswali chini ya paa la watu wasiomdai kodi, ambao kwa sababu hiyohiyo hawamruhusu hata kuosha kikombe alichonywea. Kwa kawaida hudhaniwa kwamba mgeni huharibikiwa kwa sababu kila alichokikuta ni kipya kwake, na habari za wageni wa namna hiyo ni nyingi. Yuko hata hivyo mgeni wa namna ya pili, ambaye huharibikiwa kwa sababu hakuona jipya lolote, na mfano wake ulio bora ni Mswahili aliyealikwa nyumbani kwa watu nchini Oman. Mtu huyu akipelekwa Japani huwa mwangalifu kupita kiasi: hutazama kwanza wenzake wanavyoshika vijiti, huuliza kabla ya kukaa, na hata mlango wa choo huufungua kwa adabu. Akifika Maskati huona wanaume waliovaa kanzu na kofia zilizodariziwa kwa mkono, kahawa inayomiminwa kutoka kwenye dele, halua iliyojaa bakuli, udi unaofuka pembeni, na mzee anayesema "inshallah" kwa namna ambayo kila aliyekulia Pwani anaielewa kuwa jambo hilo halitafanyika. Hapo moyo wake hutulia, miguu huikunja kwa raha, na kuanzia dakika hiyo karibu kila anachokitenda ni kosa.

Kufanana huko hakukuja kwa bahati. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na Maskati na Zanzibar zikawa chini ya mtawala mmoja mpaka alipofariki mwaka 1856, kisha zikatenganishwa rasmi mwaka 1861. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka visiwani, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi, wengi walirejea, baadhi yao kutoka Unguja na Pemba, wengine kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, wakiwa wamefunga katika mizigo yao Kiswahili, mandazi na tabia ya kubishana kuhusu biriani. Kwa hiyo Mswahili anayetua Maskati hafiki ugenini kabisa wala hafiki kwao. Anafika kwa binamu, na kila aliye na binamu anajua kwamba nyumba ya binamu ina sheria zake.

Njia hii ya ugeni ni ya zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco ambaye kwa uzoefu wa kukaribishwa hana mfano, alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akavuka bahari hadi Dhofari na baadaye akafika Nizwa, katika Oman ya bara. Mogadishu alilishwa wali wa samli wenye vitoweo juu yake, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu na pilipili, na akaandika kwa mshangao jinsi wenyeji walivyokuwa wanene. Nizwa aliwakuta watu wakila katika nyua za misikiti, kila mmoja akileta alichonacho na mpita njia akikaribishwa ale nao. Katika maelezo yake yote haielekei kwamba aliwahi kujitolea kuosha sahani, na pengine ndiyo sababu alialikwa kwa karibu miaka 30 bila kuchokwa.

Mkasa wa kwanza huanza kabla mgeni hajafika nyumbani kwa mtu. Katika Pwani ya Afrika Mashariki neno "karibu" hutolewa kwa ukarimu kwa kila apitaye, na adabu humtaka mpitaji ajibu "starehe" na kuendelea na safari yake, kwa kuwa pande zote mbili zinajua kwamba samaki walioko mezani walihesabiwa. Huko Oman, hasa katika miji midogo na vijiji vya bara, mwito wa kahawa nao hutolewa kwa mpita njia, na jibu la kukataa kwa upole nalo lipo. Tofauti ni kwamba mwitaji hulichukua jibu hilo kuwa ni utangulizi tu. Huita mara ya pili, huapa kwa jina la Mungu, na ikibidi humshika mgeni mkono. Mswahili aliyejibu "starehe" akiamini kwamba ameshamaliza wajibu wake hujikuta anavutwa kwa mkono hadi ndani ya uzio, huku aliyekuwa akienda kumwona anamsubiri mtaa wa pili na kahawa yake inapoa.

Mwaliko rasmi, ule unaotajiwa siku na saa, una mtego wake. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo, wakati Mwarabu wa leo huhesabu kuanzia usiku wa manane, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni saa sita kamili. Mwalikaji akiwa mzee aliyekulia Unguja, atasema saa nane na kumaanisha saa nane ya mchana, na hakutakuwa na tatizo. Akiwa kijana aliyezaliwa Maskati, ambaye Kiswahili alikipata kwa bibi yake lakini saa aliipata shuleni, atasema "njooni chakula cha mchana saa mbili", na familia nzima ya wageni itabisha hodi asubuhi, ikiwa imeoga na imebeba zawadi, wakati wenyeji bado wamo katika nguo za kulalia na mbuzi bado yu hai. Wageni wenye busara huuliza mwaliko uko kabla au baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu adhana haina tafsiri mbili.

Baada ya saa huja mlango. Nyumba ya kawaida ya Oman huzungukwa na ukuta mrefu, na mara nyingi huwa na milango miwili: mmoja unaoelekea kwenye majlisi, yaani chumba cha kupokelea wageni, ambacho katika nyumba nyingi hutengwa na vyumba vya familia, na mwingine unaoelekea ndani, wanakopita wanawake na watoto. Majlisi si sebule kwa maana ya Dar es Salaam, pale penye televisheni, makochi na nguo zinazosubiri kupigwa pasi. Ni ukumbi wa heshima ya nyumba, wenye mazulia na mito iliyopangwa ukutani, na taasisi hiyo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2015 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu. Mswahili, ambaye amezoea kwamba rafiki wa kweli hupitia uani, huchagua mlango wa pili ili aonyeshe ukaribu. Kelele zinazofuata, milio ya milango inayofungwa kwa haraka na mtoto mdogo anayetumwa kumwongoza mgeni arudi alikotoka, ni mambo yasiyohitaji maelezo marefu.

Ndani ya majlisi salamu nazo zina utaratibu. Anayeingia huwapa mkono wote waliokaa, kwa kawaida akianzia upande wake wa kulia, na waliokaa husimama. Kwa hiyo mgeni aliyewahi mapema katika majlisi ya watu 20 atasimama na kukaa karibu mara 20 kabla ya kuonja tende, zoezi ambalo kwa mtu wa makamo aliyekunja miguu si dogo. Huulizwa afya, huulizwa wa nyumbani, kisha huulizwa habari, na jibu la habari ni kwamba hakuna habari ila njema, hata kama mtu amekuja kueleza kwamba gari limepinduka. La gari litafika wakati wake, baada ya kahawa. Mpaka hapo Mswahili yumo katika maji anayoyajua, maana kwao pia mgonjwa husema hajambo kwanza ndipo aeleze anavyoumwa. Huzama pale anapotaka kuzidisha wema na kuuliza kwa sauti, mbele ya wanaume wote, "Na mama watoto hajambo?" Mwanamume huulizwa hali ya nyumba yake na watoto wake kwa jumla, mke hatajwi peke yake na mtu wa kando. Kimya kinachofuata huvunjwa na mwenyeji mwenyewe, ambaye kwa ungwana mkubwa hugeuza mazungumzo yaelekee kwenye mvua, ingawa Maskati mvua haina habari nyingi.

Hapo ndipo huingia kahawa, na suala hili linastahili kukaliwa kwa muda, kwa kuwa ndilo lililowaangusha wengi. Kahawa ya Oman hupikwa bila sukari, hutiwa iliki, na pengine zafarani, karafuu au maji ya waridi, na utamu wake hutoka kwenye tende na halua zinazotangulia. Christine Eickelman, aliyeishi katika mji wa Al Hamra na kuchapisha kitabu kuhusu wanawake wa huko mwaka 1984, aliyaweka mazungumzo ya kahawa katikati ya maisha ya wanawake wa mji huo, na Mandana Limbert, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu mji wa Bahla, aliona namna majirani walivyotembeleana kwa kahawa na mambo mengi yaliyoamuliwa kwa kutembeleana huko. Kwa ufupi, wataalamu wamekwisha kukubaliana kwamba kahawa hii si kinywaji tu. Mswahili hakubaliani nao, kwa sababu yeye ameinywa kijiweni tangu utotoni, kwa kashata, akiwa amechuchumaa.

Mmiminaji, ambaye aghalabu ndiye kijana mdogo kuliko wote walioko, husimama na dele katika mkono wa kushoto na vikombe viwili au vitatu vilivyopandana katika mkono wa kulia, akivigonganisha kidogo ili vitoe mlio. Vikombe hivyo havina mkono, ni vidogo kama ganda la yai lililokatwa, na havijazwi: hutiwa kidogo tu chini, ili mnywaji asiungue na ili mmiminaji apate nafasi ya kurudi. Jambo analopaswa mgeni kulifahamu ni kwamba vikombe ni vichache kuliko watu. Kikombe kimoja hunywewa, hurudishwa, husuuzwa katika bakuli la maji na kupewa anayefuata. Mswahili aliyezoea baraza hupokea kikombe chake, hukipuliza, hukishika mbele ya kifua na kuanza kusimulia hali ya foleni za Dar es Salaam. Anapofika daraja la Tazara, wazee wanne waliokaa kushoto kwake wanakitazama kikombe hicho kwa macho ya watu waliokwishaona mengi duniani, na kijana mwenye dele amehamisha uzito wake kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto mara kadhaa.

Hatimaye mgeni hunywa na kukirudisha kikombe. Hapo huhitimu katika kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza, kwani kikombe kikirudishwa kimenyooka maana yake ni kwamba mnywaji anataka tena. Kijana humimina. Mgeni, ambaye kwao kukataa kinywaji cha mwenyeji ni utovu wa adabu, hupokea na kunywa, safari hii haraka, kisha hurudisha. Kijana humimina. Pande zote mbili zinatenda kwa adabu timilifu, na adabu hiyo ndiyo inayowaangamiza: mgeni anasubiri kijana achoke, na kijana, ambaye haruhusiwi kukaa mpaka mgeni atosheke, anasubiri kikombe kitikiswe. Ishara inayotakiwa ni ndogo mno, mtikiso mwepesi wa kikombe kushoto na kulia kwa vidole viwili, lakini mgeni hakuiona kwa sababu wenzake walipokuwa wakiifanya yeye alikuwa daraja la Tazara. Yupo pia aliyeambiwa habari za mtikiso kabla ya safari na akasahau kuuliza wakati wake, hivyo akautikisa mwanzoni, kikombe kikiwa na kahawa, mbele ya kanzu nyeupe ya jirani yake. Usiku huo wa kwanza mgeni halali. Husikiliza kiyoyozi hadi alfajiri na kuisifu akili yake kwa mawazo mengi mazuri ambayo asubuhi hayakumbuki.

Chakula chenyewe huletwa katika sinia, nalo huwekwa juu ya mkeka au nailoni iliyotandazwa sakafuni, na watu watano au sita hulizunguka. Wakati wa sikukuu za Idi huenda kikawa ni shuwa, yaani nyama ya mbuzi, kondoo au ngamia iliyopakwa viungo vingi, ikafungwa katika majani ya mgomba au makuti, ikatiwa katika fuko na kufukiwa kwenye shimo lenye makaa kwa siku nzima au mbili, mpaka inapofukuliwa huachana na mfupa bila kuombwa. Katika vijiji vingi shimo huwa ni la wote, na kila familia huweka alama fukoni mwake. Siku nyingine za Idi huchomwa mishikaki, na hapo Mswahili hufurahi kwa kuwa hata jina lake halikubadilika sana. Kuhusu kula kwa mkono, mgeni huyu hana la kujifunza, na ni haki kusema kwamba Mzungu aliyekaa sinia moja naye atamwonea wivu kwa namna anavyofinyanga tonge. Taabu yake iko kwenye nyama, ambayo sharti inyofolewe kwa mkono wa kulia pekee, na nyama ya siku isiyo ya shuwa haikufukiwa shimoni. Mkono wa kushoto hutetemeka mapajani ukitaka kusaidia. Mwenye huruma atakayemwona atanyofoa pande zuri na kulirusha upande wake wa sinia, tendo ambalo ni heshima kubwa na si dalili kwamba mtu huyo hakulipenda.

Ugumu wa sinia uko katika kulimaliza. Mswahili amelelewa kwamba kubakisha chakula ni kufuru na kwamba sahani safi ni shukrani kwa mpishi. Mwenyeji wake naye amelelewa kwamba sinia tupu ni aibu, kwa kuwa linaonyesha kwamba chakula hakikutosha. Tena mara nyingi kinachobaki huondolewa na kuliwa na wengine wa nyumba ambao bado hawajala. Kwa hiyo kadiri mgeni anavyosafisha upande wake, ndivyo wali unavyoongezwa. Juu ya hayo, mwenyeji aliyefundwa hanyanyuki kabla ya mgeni wake, asije akamkatiza mwenzake hali angali na njaa, na mgeni aliyefundwa Pwani hanyanyuki kabla ya mwenyeji, asije akaonekana hakupendezwa. Wawili hawa wanaweza kubaki peke yao kwenye sinia, wengine wote wakiwa wamekwisha kunawa, kila mmoja akiokota punje moja moja ya wali na kuitafuna kwa muda mrefu, wakitabasamiana. Waliosimulia mkasa huu husema kwamba wokovu huja kwa simu ya mtu kuita, na ni maoni ya insha hii kwamba kama simu za mkononi zina faida yoyote katika maisha ya jamii, faida hiyo ni hii.

Wanawake nao wana sebule yao, na humo mikasa hutofautiana kwa jambo moja muhimu. Mgeni wa kike aliyefuatana na dada yake au rafiki yake kutoka Dar es Salaam huona kwamba amezungukwa na Kiarabu, na kwa sababu hiyo hujihesabu kuwa na faragha kamili ndani ya Kiswahili. Mbele yake ameketi bibi mkongwe aliyejifunika buibui, ambaye tangu saa nzima hakusema neno ila kuwataka wageni wale zaidi, kwa ishara ya mkono. Mgeni huinama kwa mwenzake na kunong'ona kwamba wali ni mzuri lakini nyama haina chumvi hata chembe. Bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye tende anayoiondoa kokwa, hujibu kwa lafudhi ya Mji Mkongwe: "Chumvi ipo, mwanangu. Mie daktari kanikataza, ndo wakatupunguzia sote. Mleteeni mgeni chumvi." Baada ya hapo ukoo wote hufichuka: bibi alizaliwa Unguja na aliondoka akiwa msichana, binti zake wanakifahamu Kiswahili ingawa hawapendi kukisema mbele ya wageni, wajukuu wanaelewa matusi tu, na kila kilichonong'onwa tangu mlangoni, pamoja na lile la pazia, kilisikika. Inafaa kuongeza kwamba bibi huyo hakasiriki. Humkalisha mgeni karibu naye na kumuuliza kama Forodhani bado wanauza urojo, na ugomvi wa chumvi hugeuka kuwa mahojiano ya saa mbili ambayo mgeni hatoki mpaka ameahidi kuleta maembe.

Kuhusu kusifia mali ya mwenyeji, inatosha kusema kwamba katika nchi za Kiarabu mtu akikisifu kitu kwa kurudia, mwenye kitu anaweza kujiona analazimika kumpa, na kwamba mgeni aliyeusifu mkufu, kofia na dele la shaba katika jioni moja atahitaji sanduku jingine la kurudi nalo.

Ziara hufika mwisho wake kwa udi, na hapa Mswahili huteleza mara ya mwisho kwa kujiamini kuliko mwanzo. Chetezo, yaani chombo kidogo cha udongo au madini kinachotiwa makaa na kufukizia, huletwa na kuzungushwa kwa kila aliyepo. Humo huweza kutiwa udi, ambao ni mti wa manukato unaoagizwa kutoka mashariki ya mbali, au ubani, ambao ni utomvu wa miti inayoota Dhofari, kusini mwa Oman, na ambao biashara yake ya kale iliyafanya maeneo yake yaingizwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Anayepewa chetezo hukisogeza kwenye ndevu, kwenye kilemba na chini ya kanzu ili nguo zinukie. Kanzu ya pamba huvumilia. Shati la nailoni lililonunuliwa Kariakoo haliahidi lolote, na liko kundi dogo la wageni waliorudi makwao na tundu la duara karibu na kitovu. Lakini moshi si hatari kuliko maana yake. Katika nchi za Ghuba inafahamika kwamba baada ya udi hakuna kukaa: harufu ni tunu ya kuagana, na wenyeji huinuka punde baada yake. Mswahili, ambaye kwao udi humlaki bibi harusi na kumkaribisha mgeni, huupokea kama ishara kwamba sherehe ndiyo kwanza inaanza. Hujinyoosha, huegemea mto, hurudi kwenye daraja la Tazara. Mwenyeji humwambia kwamba bado ni mapema na kwamba hajamfaidi, maneno ambayo ni ya adabu na ambayo Mswahili angeyatambua mara moja kama angeyasikia Tanga, na kwa kuwa ameyasikia Maskati huyaamini yote. Yule kijana wa kahawa, aliyekuwa amekaa kwa mara ya kwanza jioni hiyo, hurudishwa jikoni.

Na anapoondoka kweli, akiwa wa mwisho, hukuta mlangoni jozi moja tu ya makubadhi, yenye rangi sawa na yake na ndogo kwa kipimo kimoja. Jozi yake imekwisha kuondoka na mzee fulani kuelekea Ibra.

Haya yote yana upande wake wa pili, ambao wenyeji wa Afrika Mashariki hawajaufikiria vya kutosha, kwa kuwa siku hizi Waomani nao huja Unguja, Dar es Salaam na Mombasa kutazama nyumba za babu zao na kula maembe, na hualikwa. Mgeni huyo huwekewa kahawa ya unga katika kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, ilhali kwao kikombe cha kahawa kilichojazwa pomoni ni namna ya kumwambia mtu kwamba ameshakaa vya kutosha. Hukinywa kwa huzuni, akijiuliza amekosea wapi, kisha hukitikisa ili asiongezwe, na mwenyeji hudhani anaonyesha kwamba sukari haikukorogeka na kumletea kijiko. Wenyeji wote wanaotarajia wageni kutoka Maskati wanaombwa basi watafute vikombe vidogo, wamimine kidogo kidogo, na wawaelekeze watoto wao kwamba mgeni akitikisa kikombe ameshiba. Birika lisiachwe mezani kwa matumaini kwamba atajihudumia mwenyewe, kwa sababu hatajihudumia.